Umeme Mkubwa Ukija Mashariki, Ushuke Mpaka Kasenyi

Kila unapotangazwa mpango mpya wa kuunganisha gridi za umeme katika ukanda wetu, wakubwa hutaja mambo mawili: megawati na kilomita. Sisi wananchi tumezoea kupigia makofi ukubwa wa tarakimu hizo. Nadhani wakati umefika tuanze kuuliza jambo la tatu, ambalo kwa mtu wa Ituri lina uzito kuliko hayo mawili: waya huo unashuka wapi?

Nauliza nikiifikiria Kasenyi. Ni bandari ya wavuvi kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Albert, katika eneo la Irumu, mwendo wa kilomita kama hamsini kwa barabara kutoka Bunia. Enzi za Wabelgiji meli zilivuka ziwa kutoka Butiaba, upande wa Uganda, zikatia nanga hapa. Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko chini, mita 600 na ushee. Kati yake kuna mteremko mkali wa Bonde la Ufa, na barabara inayopita Bogoro, mji ambao mauaji yaliyotokea pale Februari 2003 bado yanauma.

Sangala anayetolewa majini alfajiri ana saa chache tu kabla bei yake haijaanza kuanguka. Mwenye samaki asiye na barafu ana njia tatu. Amuuze pale pale ufukweni kwa bei anayotajiwa na mnunuzi. Ampakie kwenye pikipiki apande naye mlima mbio mpaka soko la Bunia. Au ampasue, ampake chumvi, amwanike. Samaki wa chumvi wa Ziwa Albert ni chakula chetu na kina wapenzi wake, nami ni mmoja wao. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mama anayepaka chumvi kwa sababu mteja wake ameagiza samaki wa chumvi, na mama anayepaka chumvi kwa sababu hana friza na jua linapanda. Wa kwanza anapanga biashara yake. Wa pili amepangiwa na jua, na mnunuzi analijua hilo. Wanaotaka kuelewa umeme una faida gani kwa maskini wasianze na taa. Waanze na barafu.

Wakimaliza barafu, waende hospitalini. Mwezi wa Septemba 2018 Ebola ilifika Tchomia, jirani wa Kasenyi kwenye ufuko huo huo. Chanjo iliyokuwa ikitumika katika mlipuko ule huhifadhiwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Ilibidi baridi hiyo ibebwe kutoka mbali, kwa masanduku maalumu na jenereta, hadi kwenye kingo za ziwa ambako hakuna gridi. Watu walipona kwa juhudi ya wauguzi, si kwa sababu nchi ilikuwa imejiandaa.

Na nchi yenyewe ndiyo hii yenye Inga. Katika Kongo yote, karibu mtu mmoja tu kati ya watano ana umeme, ilhali Mto Kongo ukishuka kwenye maporomoko ya Inga unaweza kutoa zaidi ya megawati 40,000. Mabwawa mawili yaliyokwisha kujengwa pale, Inga I ya mwaka 1972 yenye megawati 351 na Inga II ya mwaka 1982 yenye megawati 1,424, ni sehemu ndogo tu ya uwezo huo. Kwa hiyo tukiambiwa kwamba tatizo letu ni uhaba wa nguvu za maji, tukatae. Tatizo letu lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imebebwa na njia moja ya umeme.

Mwaka 1982 Zaire ilimaliza njia ya Inga–Shaba. Ilianzia Inga, huko Kongo ya Chini, ikaishia Kolwezi: kilomita zipatazo 1,700, msongo wa kilovolti 500, mkondo mnyoofu. Wakati huo hapakuwa na njia ya umeme ndefu kuliko hiyo duniani. Kampuni ya Kimarekani Morrison-Knudsen ilisimika minara, Benki ya Exim ya Marekani ikawa miongoni mwa wakopeshaji, na deni likabaki shingoni mwa Wazaire. Waya ulivuka Bandundu, ukavuka Kasai, ukaingia Shaba, ambayo leo tunaiita tena Katanga. Chini yake kulikuwa na mashamba ya mihogo, shule, zahanati na masoko. Njiani kote, kati ya Inga na Kolwezi, hapakujengwa hata kituo kimoja cha kuushusha umeme ule kwa ajili ya watu waliokuwa chini yake. Watoto wa Kasai walizaliwa wakakua chini ya kilovolti mia tano, wakisoma kwa koroboi.

Kwa nini? Jibu moja ni la fizikia, na linastahili kuelezwa kwa uangalifu kwa sababu wakubwa hupenda kujificha nyuma yake.

Umeme tunaoutumia majumbani ni wa mkondo geu: huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Uzuri wake ni kwamba transfoma inaweza kuupandisha na kuushusha msongo wake kwa gharama ndogo, kwa hiyo popote njia inapopita unaweza kujenga kituo cha kupoza umeme na kuwagawia watu wa pale. Udhaifu wake huonekana safari ikiwa ndefu. Kule kwenda na kurudi hula sehemu ya uwezo wa njia, na gridi mbili zikiunganishwa kwa mkondo geu hulazimika kwenda kwa mwendo mmoja. Moja ikiyumba, nyingine huyumba nayo. Mkondo mnyoofu hauna taabu hizo. Unatosheka na nyaya mbili badala ya tatu, upotevu wake njiani ni mdogo, na unaweza kuziunganisha gridi mbili zisizolingana mwendo. Umbali ukizidi kilomita 600 au 800 hewani, unakuwa nafuu kuliko mkondo geu. Chini ya maji hata umbali mfupi zaidi unatosha kuupa ushindi, ndiyo maana waya wa kwanza wa biashara wa aina hii, mwaka 1954, ulilazwa chini ya Bahari ya Baltiki kuunganisha Sweden bara na kisiwa cha Gotland.

Ila transfoma haifanyi kazi kwenye mkondo mnyoofu. Ili uutumie, lazima uurudishe kwanza kuwa mkondo geu ndani ya kituo kikubwa chenye vali za elektroniki, vichujio na mitambo ya kupoza joto, na kituo hicho hugharimu mamilioni mengi ya dola. Hicho ndicho mlango wa njia ya mkondo mnyoofu. Pasipo kituo hakuna mlango, hata kama waya unapita juu ya paa la nyumba yako. Inga–Shaba ilipewa milango miwili, mmoja kila mwisho.

Jibu la pili ni la siasa, na kwangu ndilo zito zaidi. Katanga ilikuwa na mito yake na mabwawa yake yaliyokwisha kujengwa: Mwadingusha, Koni, Nzilo, Nseke. Mitambo ya Nseke ilikuwa ikipeleka umeme hadi migodi ya Zambia tangu miaka ya 1950, nchi hiyo ilipokuwa bado ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Kulikuwa na nafasi ya kuongeza mabwawa pale pale karibu na migodi. Lakini Katanga ilikuwa pia imejitenga na Kongo kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, na waasi wakaivamia mwaka 1977 na tena mwaka 1978 huko Kolwezi kwenyewe. Wengi waliouchambua mradi ule wamesema kwamba Rais Mobutu alitaka swichi ya migodi ya shaba ikae upande wa Kinshasa. Naamini wamesema kweli. Waya uliojengwa ili mtawala aweze kuuzima hauwezi kuwa na haja ya kushuka Kasai. Bei ya shaba ilianguka wakati njia ikijengwa, na kwa miaka mingi njia ilibeba umeme pungufu kuliko uwezo wake. Deni halikupungua kwa sababu hiyo.

Sisemi haya ili kuilaumu teknolojia. Mlango wa katikati unawezekana. Italia ilipounganisha Sardinia na bara kwa mkondo mnyoofu katika miaka ya 1960, waya ulipita juu ya ardhi ya Corsica, kisiwa cha Ufaransa, bila kuigawia chochote. Miaka ya 1980 kikajengwa kituo cha tatu pale Corsica, chenye uwezo wa megawati 50 tu, na kisiwa kikaanza kunufaika na waya uliokuwa ukikivuka. India nayo ina njia ya kilovolti 800 kutoka kaskazini-mashariki hadi Agra yenye vituo zaidi ya viwili. Ni ghali, ni kazi ngumu ya kihandisi, lakini imefanyika. Kwa hiyo mtu akituambia haiwezekani, tumwombe ataje bei, kisha tuijadili bei hiyo hadharani pamoja na bei ya migodi na bei ya deni.

Majirani zetu wametangulia. Novemba 2022 Ethiopia na Kenya ziliwasha njia yao ya mkondo mnyoofu: kilomita 1,045 kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa, kilovolti 500, uwezo wa megawati 2,000, ingawa Kenya ilianza kwa kununua 200. Naiona kuwa ni kazi njema. Mito ya Ethiopia na mvuke wa ardhini wa Kenya vinasaidiana, na Desemba 2024 Kenya ikaunganishwa na Tanzania kwa njia ya kilovolti 400 kutoka Isinya hadi Singida. Hata hivyo wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, ambao minara ya Suswa imepita kwenye malisho yao, wanaijua hali ya Kasai bila kufundishwa. Milango ni miwili: Sodo na Suswa.

Sasa turudi ziwani, kwa sababu hapa kwetu hesabu ni tofauti, na watu wachache wanaisema wazi.

Kutoka Inga mpaka Bunia ni karibu kilomita 2,000 kwa mstari ulionyooka. Umeme wa Inga ukija huku siku moja, utakuja kwa mkondo mnyoofu, hakuna njia nyingine ya maana. Benki ya Dunia ilijiondoa kwenye Inga 3 mwaka 2016, ikarudi mwaka 2025 na fedha za maandalizi. Bwawa lenyewe bado liko mbali. Anayemwambia mvuvi wa Kasenyi asubiri Inga anamwambia amwachie mjukuu wake kusubiri.

Lakini upande wa pili wa ziwa, Uganda imejenga Karuma, megawati 600 kwenye Mto Nile, ikazinduliwa rasmi Septemba 2024. Kwa bwawa hilo uwezo wote wa Uganda umepita megawati 2,000, na matumizi yake ya kilele yako chini sana ya hapo. Maji yakishazungusha mitambo ya Karuma huteremka Murchison na kuingia Ziwa Albert upande wa kaskazini. Kwenye ziwa hilo hilo, nchi mbili: moja ina umeme unaotafuta mnunuzi, nyingine ina samaki wanaooza.

Na mpango upo. Kwa miaka sasa, chini ya ushirikiano wa nchi za Bonde la Mto Nile, umekuwa ukichunguzwa mradi wa njia ya kilovolti 220 kutoka Nkenda, karibu na Kasese, kupitia Mpondwe hadi Beni, Butembo na Bunia. Hiyo ni njia ya mkondo geu. Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wa Ituri wasimame kidogo. Fizikia iliyotumika kuwanyima watu wa Kasai haiwezi kutumika kutunyima sisi. Kwenye njia ya namna hii kila mji unaweza kuwa na kituo cha kupoza umeme, na kutoka Bunia njia ya kawaida ya kilovolti 33, kwenye nguzo za kawaida, inaweza kushuka Bogoro mpaka Kasenyi na Tchomia. Umbali wa kilomita hamsini hivi kwa msongo huo ni jambo ambalo mafundi wa vijijini Uganda na Tanzania hulifanya kila mwaka. Kama Kasenyi itaachwa gizani baada ya Bunia kuunganishwa, itakuwa ni kwa uamuzi wa watu waliokaa mezani.

Nimesikia hoja mbili dhidi ya kununua umeme wa Uganda, na zote mbili zinatoka kwa watu ninaowaheshimu.

Ya kwanza ni ya damu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitamka Desemba 2005 kwamba Uganda ilikuwa dola iliyoikalia Ituri kijeshi, na Februari 2022 ikaiamuru iilipe Kongo dola milioni 325. Mwaka 2007, baada ya mafuta kuanza kutafutwa ziwani, kulikuwa na mapigano karibu na kisiwa cha Rukwanzi, kusini mwa ziwa, si mbali na Kasenyi, na marais wawili wakalazimika kukutana Ngurdoto, Arusha, kutafuta suluhu. Mzee wa hapa akiuliza, "Mwanangu, kweli tuwape hao swichi yetu?", hakuna mwenye haki ya kumcheka. Namjibu hivi. Swichi inakuwa silaha pale anayeuziwa anapokuwa na mlango mmoja, mkataba wa siri, na hana chanzo chake. Ituri ina mito yake. Budana, kwenye Mto Shari, lilijengwa wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya dhahabu ya Kilo-Moto, na likikarabatiwa na kupanuliwa linaweza kubeba sehemu ya mzigo wa Bunia. Kibali, huko Haut-Uélé, mgodi umejijengea mabwawa yake kwenye mito ya pale, jambo linaloonyesha kwamba mwenye nia na mtaji haangojei Inga. Tununue kwa jirani huku tukijenga cha kwetu, na mkataba uchapishwe ili kila mtu ausome. Tunao mfano: tangu 1989 kituo cha Ruzizi II ni mali ya Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja, na kimeendelea kuzigawia nchi hizo umeme katika miaka ambayo serikali zake zilikuwa hazisalimiani.

Hoja ya pili ni vita. Nani atasimamisha minara katika mkoa ambao watu wa Kasenyi na Tchomia walipanda mitumbwi kwa maelfu mwaka 2018 kukimbilia Hoima, Uganda? Swali hili haliepukiki. Msumbiji wanalijua. Njia ya mkondo mnyoofu ya Cahora Bassa, kilomita 1,420 kutoka Songo hadi kituo cha Apollo karibu na Johannesburg, ilikatwa na waasi wa RENAMO muda mfupi baada ya kukamilika. Minara karibu 1,900 iliangushwa, na umeme haukurudi kusafiri sawasawa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990. Huko kwetu, hata mahali pasipo na vita, vyuma vya minara ya Inga–Kolwezi viliibiwa mara kwa mara.

Lakini tazama njia hizo mbili zilifanana katika nini. Zote zilipita juu ya watu wasiopata kitu. Mwanakijiji wa Kasai aliyeona chuma cha mnara kikifunguliwa usiku hakuwa na sababu ya kwenda kupiga kelele. Mnara ule haukuwasha hata taa moja kwake. Siwezi kuahidi kwamba njia inayowagawia watu itasalimika na kila kundi lenye bunduki, kwa kuwa makundi mengine hapa yamechoma hata zahanati. Ninachosema ni kwamba njia isiyowagawia watu haina mlinzi isipokuwa askari, na Ituri imeona askari wa kila aina bila kuona usalama. Mama mwenye friza lenye samaki wa wiki nzima atajua ndani ya dakika chache kwamba waya umekatwa, na atataka kujua ni nani aliyeukata.

Kuna tatizo jingine ambalo linanisumbua zaidi kuliko hayo. Sheria ya umeme ya Juni 2014 ilivunja ukiritimba wa shirika la umeme la taifa, SNEL, na kuipa mikoa sauti katika usambazaji wa umeme. Kwenye karatasi, Ituri ina uwezo wa kusema. Lakini Mei 2021 tuliwekwa chini ya utawala wa kijeshi wa dharura, bunge la mkoa likasimamishwa, na magavana wakawa maofisa wa jeshi. Miradi ya umeme ya kimataifa haingoji. Wahandisi huchora, mabenki hukagua, mawaziri husaini. Mkoa usio na bunge unachorewa ramani bila kuulizwa, na ramani ikishasainiwa, kuongeza kituo kimoja huwa mradi mpya, wenye mkopo mpya na miaka mingine kumi. Kasai ilijifunza hilo kwa gharama kubwa.

Ninachodai kinaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja. Mkataba wowote utakaoileta njia kubwa Bunia ujumuishe, ndani ya mkopo huo huo na kwa tarehe hiyo hiyo ya kukamilika, njia za msongo wa kati kwenda Kasenyi, Tchomia na miji mingine ya karibu, pamoja na transfoma zake na mita za watu. Shirika la umeme vijijini, ANSER, liwe kwenye meza tangu siku ya kwanza, lisiitwe mwishoni kukata utepe. Bei ya umeme kwa viwanda vya barafu kwenye kingo za ziwa ijulikane kabla ya ujenzi, ili ushirika wa wavuvi uweze kwenda kukopa ukiwa na hesabu mkononi. Na siku Inga 3 itakapotaka kupitisha waya wake wa mkondo mnyoofu kuelekea mashariki, kila mkoa utakaovukwa upewe bei ya kituo cha kati kwa maandishi, ulinganishe, uamue.

Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na mikopo ya namna hii hupitia Kinshasa, bungeni, ambako Ituri bado ina wabunge na maseneta. Wanayo haki ya kumwita Waziri wa Rasilimali za Maji na Umeme na kumwomba mchoro wa njia ya Nkenda–Bunia. Wakishaupata, waangalie upande wa mashariki wa mji, kwenye mteremko wa Bogoro. Kama hakuna mstari unaoelekea ziwani, waurudishe mezani kabla ya kupiga kura.